Diski yangu ya kazi imekosa adapta. Nina chaja ya laptopu, ya ruta na ya kinanda: nichomeke ipi bila kuiunguza?

KameraYaNgamiani · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Assalaam alaykum wakuu, na kwa wengine habari za jioni.

Mie ni mpiga picha, nipo Tanga mjini, Ngamiani, kwenye barabara za namba. Kazi zangu harusi, singo, sendofu, na mahafali msimu wake ukifika. Kazi za miaka minne zote zimo kwenye diski moja ya nje, ile kubwa ya kukaa mezani, 4TB, isiyowaka mpaka uichomeke ukutani kwa adapta yake. Nakala nyingine sina. Matusi ya hilo naomba mniwekee mpaka Jumapili.

Jana umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena kwa nguvu hadi feni ikanguruma. Tangu hapo taa ya adapta haiwaki. Nimeinusa, inanuka kuungua. Diski nayo nimeinusa, mke wangu akanitazama sana, haina harufu yoyote.

Tatizo ni bi harusi wa Muheza. Video yake anaitaka Jumamosi, na mama yake kanipigia mara tatu leo.

Adapta iliyokufa imeandikwa 12V 1.5A. Ndani nina chaja ya laptopu ya 19V 3.42A, pini yake inaingia kwenye diski vizuri utadhani walizaliwa pamoja. Nina adapta ya ruta, 12V 1A. Nina adapta ya kinanda cha zamani, 12V 1A, ile nzito ambayo ikikuangukia mguuni safari ni hospitali ya Bombo. Na kuna duka hapa jirani wanauza adapta za kamera za ulinzi, 12V 2A, elfu nane. Bajeti yote elfu ishirini, na humo humo kuna nauli ya Muheza.

Nichomeke ipi? Naomba kuwasilisha.

DagaaMchele · saa 2:14 usiku

Siti ya mbele nimewahi. Kahawa chungu na kashata ninazo, leteni madini.

JiniLaLaptopu · saa 2:21 usiku

Mkuu unahangaika bure. Chomeka ya laptopu. Kifaa kinavuta umeme kinaoutaka, kikishiba kinaacha. Mimi nimefanya hivyo kwenye redio ya bibi na inaimba mpaka leo.

FundiWaya · saa 2:33 usiku

USICHOMEKE YA LAPTOPU. Nimeandika kwa herufi kubwa ili ukisoma mstari mmoja tu uwe huu.

Jini, ndugu yangu, umeshika nusu ya habari. Kinachovutwa kwa kadiri ya mahitaji ni ampea. Volti hazingoji kuvutwa, zinasukuma. Sisi Tanga watu wa baiskeli tuelewane hivi: chukua mpira wa baiskeli, uupeleke gereji ukaufunge kwenye kompresa ya malori. Mpira hausemi nimeshiba. Unapasuka. Ule mgandamizo ndio volti. Ampea ni ukubwa wa tangi la kompresa, na tangi liwe kubwa namna gani, mgandamizo ukiwa ule ule unaotakiwa na mpira, hakuna kinachodhurika. Kwa hiyo adapta ya 12V 2A, ya 12V 3A, hata ya 12V 5A, zote zinafaa kwa diski iliyokuwa na 12V 1.5A. Ya 19V haifai hata ikiwa na ampea za sindano.

Diski kubwa kama yako inatumia volti 12 kuzungusha mota na volti 5 kwa saketi yake. Ile 5 boksi linaitengeneza lenyewe kutoka kwenye 12. Watengenezaji wengi wa diski za inchi 3.5 huruhusu ile 12 ipande au ishuke kwa asilimia 10, yaani kati ya 10.8 na 13.2. Hiyo 19 ipo nje ya uzio kabisa.

Ya ruta haitaunguza diski, ila huenda isiiwashe. Mota ikianza kuzunguka kutoka kwenye kusimama, kwa sekunde chache inaweza kutaka karibu ampea 2. Ikishashika kasi inatulia, diski nzima inakula wati 6 hadi 8 hivi. Adapta ya ampea 1 inaweza kuishiwa pumzi pale mwanzoni: diski inaanza, inazima, inaanza, inazima. Ukisikia hivyo chomoa mara moja, usiiache ijaribu bahati yake.

Ya kinanda usiiguse mpaka uipime. Nitakwambia sababu ukishaleta namba.

Na pini kuingia si ushahidi wa kitu. Kipenyo cha nje milimita 5.5 kinatumika na vifaa chungu nzima, tundu la ndani ndilo linabadilika, 2.1 au 2.5, na mara nyingi huwezi kuona tofauti kwa macho. Angalia kwenye lebo alama ya duara lenye nukta katikati: jumlisha iwe inaelekea kwenye nukta, kwa adapta na kwa diski pia. Zikipishana, hapana.

BintChumbageni · saa 2:58 usiku

Huu uzi umenikumbusha kilio changu.

Nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi. Chini ya meza kulikuwa na waya mbili nyeusi pacha, moja ya laptopu moja ya diski. Ilikuwa Ramadhani, baada ya tarawehe, usingizi umenijaa, nikachomeka bila kuangalia. Nikasikia "tik", sauti ndogo kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Basi. Hakuna moshi wala cheche. Nikarudisha adapta yake halali, nayo taa yake ikawa inapepesa, inawaka inazima, inawaka inazima, kama jicho la mgonjwa.

Fundi wa kwanza akaniambia tutafute diski kama hii tubadilishane ubao wa saketi. Nikanunua ya mtumba, akabadilisha, diski ikazunguka lakini haikusoma chochote. Hela imekwenda. Wa pili, mzee mmoja mtaratibu, akaitazama kwa lenzi ya saa, akagusagusa kwa mita ya kupima volti, akanyofoa punje moja nyeusi kubwa kidogo kuliko punje ya mchele, akachomeka adapta sahihi. Ikazunguka! Akaniambia, binti yangu, nakili vitu vyako sasa hivi, kisha hii usiitumie tena.

Mahesabu ya duka yote niliyapata. Ila tangu siku ile sijawahi kuchomeka kitu bila kusoma lebo kwa sauti.

FundiWaya · saa 3:07 usiku

Dada, huyo mzee anaijua kazi. Ile punje ni dayodi ya ulinzi. Imewekwa mlangoni makusudi: volti zikizidi inajitoa mhanga, inajifunga kuwa shoti, ili umeme mbaya usipite kwenda ndani. Ndiyo maana adapta nzuri ilikuwa inapepesa, ilikuwa inaona shoti na kujizima. Ukiinyofoa diski inarudi, lakini mlango umebaki bila mlinzi, ndiyo maana akakwambia nakili uiweke pembeni. Na mara nyingine dayodi haiwahi, vinaungua na vya nyuma yake. Haina dhamana.

Kubadilisha ubao peke yake, kwa diski za miaka hii, mara nyingi hakufanyi kazi kwa sababu ubao unabeba kumbukumbu ndogo yenye vipimo vya diski ile ile tu. Lazima kile kichipu kihamishwe pia.

JiniLaLaptopu · saa 3:15 usiku

Nimenywea. Naomba mod afute posti yangu.

DagaaMchele · saa 3:16 usiku

Isifutwe, ibaki makumbusho.

MwanaPangani · saa 3:40 usiku

Wakuu samahani nadandia uzi. Mie nipo Pangani ndani ndani, natumia sola, betri ya 12V. Diski inataka 12V. Si nakata waya wa adapta iliyoungua nafunga kwenye betri, habari imekwisha?

FundiWaya · saa 3:52 usiku

Habari itakwisha kweli, ya diski.

Betri ya 12V ni jina tu. Imejaa na imepumzika utakuta 12.7 hivi. Saa sita mchana jua likiwaka na kontrola inaichaji, inafika 14.4. Usiku wa manane ukishaangalia mpira na taa zote zinawaka, 11.5 na inashuka. Diski yako inapenda 10.8 hadi 13.2, sasa mchana huo wa 14.4 utamwambia nini?

Nunua kibadilishi cha volti, wenyewe wanaita konvata, ila chagua kile kinachopandisha na kushusha vyote viwili na kutoa 12 thabiti, angalau ampea 3. Kile cha kushusha peke yake hakitakusaidia betri ikishuka, maana chenyewe kinataka kiingiziwe volti zaidi ya zinazotoka. Kizungushe skrubu yake huku mita imeshika upande wa kutoka, ukiona 12.0 ndipo ufunge diski. Kinyume cha hapo utakuwa unaweka diski kama mita.

Na weka fyuzi karibu kabisa na betri, ya ampea 3 au 5. Waya ukigusana kwenye betri isiyo na fyuzi unakuwa mwekundu kama chuma cha mishikaki, na godoro halipo mbali.

MwalimuMakorora · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Hamjambo vijana. Nami nina swali, diski yangu ni ile ndogo ya mfukoni, haina adapta, inakula umeme kwa USB. Nikiichomeka mbele ya kompyuta ya mezani inalia tk-tk-tk kisha inapotea. Nikienda nayo kwenye laptopu ya mwanangu inasoma vizuri. Kebo yake ya asili iligugunwa na panya, hii ya sasa nilinunua Mgandini elfu tatu, ya mita moja na nusu, nikaona ndefu ndiyo nafuu.

BintChumbageni · saa 1:25 asubuhi

Mwalimu shikamoo.

Diski yako ina njaa. Ndogo za inchi 2.5 zinakula volti 5 peke yake, lakini zikianza kuzunguka nyingine zinataka hadi ampea 1. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa milliampea 500, la USB 3.0 milliampea 900. Hilo la pili mara nyingi ulimi wake wa ndani ni wa bluu. Matundu ya mbele ya kompyuta za mezani yanafika kwenye ubao mama kwa waya mwembamba mrefu, ya nyuma yameshonewa kwenye ubao wenyewe. Kwa hiyo kwanza hamia nyuma, kwenye bluu.

Sasa kebo. Soma maandishi kwenye ngozi yake. Nzuri utakuta 28AWG/1P na 24AWG/2C. Ile ya 2C ndiyo jozi inayobeba umeme, na hizo namba za AWG, yaani za unene wa waya, zimekaa kinyume, ndogo ndiyo waya mnene. Kama umeme nao umepewa 28, mita moja na nusu kwenda na kurudi ina ukinzani wa omu 0.64 hivi. Diski ikivuta ampea 0.8, nusu volti imebaki njiani. Imetoka 5 imefika 4.5, na diski nyingi hazitaki chini ya 4.75. Kebo ile ile ingekuwa ya sentimita 30, ungepoteza sehemu moja tu ya kumi ya volti.

Kwa hiyo Mwalimu, fupi ndiyo nafuu.

FundiWaya · saa 1:41 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Dada kamaliza, nikazie kidogo. Ule mlio wa tk-tk ni vichwa vinavyosoma kutoka na kurudi mahali pake kwa sababu umeme hautoshi. Diski iliyoharibika kweli inalia vile vile, kwa hiyo watu wengi hutupa diski nzima kumbe ni kebo. Yako inasoma kwenye laptopu, hiyo ni dalili njema.

Kama tundu la nyuma nalo halitoshi, zipo kebo za vichwa viwili upande wa kompyuta: kimoja data na umeme, cha pili umeme tu. Si za kikanuni lakini zinasaidia. Bora zaidi ni habu ya USB yenye adapta yake yenyewe, ingawa bei inapanda.

Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari: angalia meno ya pini. Upepo wa chumvi unayapiga rangi ya kijani au nyeusi, na hapo napo volti zinapotea. Spiriti, mswaki mkavu wa zamani, kila kitu kikiwa kimechomolewa. Dakika mbili.

MwalimuMakorora · saa 7:05 mchana

Marahaba wote. Nimepiga mswaki, nimeazima kebo fupi kwa jirani, nimechomeka nyuma. Imefunguka. Kumbe nilikuwa nainyima chakula nikidhani inaumwa.

KameraYaNgamiani · saa 11:20 jioni

Wakuu nimerudi na namba. Mita nimeazima kwa fundi umeme wa pikipiki, kanielekeza niweke kwenye 20 upande wa volti za DC, nyekundu ndani ya tundu la pini, nyeusi ubavuni.

Ruta: 12.1. Kinanda: 16.8! Nikafuta macho nikapima tena. Lebo imeandikwa 12V kabisa.

Nimekwenda dukani nimenunua ile ya elfu nane. Inasoma 12.2. Nichomeke?

FundiWaya · saa 11:34 jioni

Bado! Subiri.

Kwanza ya kinanda. Hizo nzito zina transfoma ya chuma na hakuna kitu cha kushikilia volti. Imeandikwa 12V ikiwa imebeba mzigo wa ampea 1. Bila mzigo inapanda mpaka huko ulikokuona. Kinanda kiliivumilia kwa sababu ndani kilikuwa na kidhibiti chake. Irudishe kwenye kinanda.

Hiyo mpya, 12.2 bila mzigo haijakwambia lolote. Mtu yeyote anaweza kusimama wima akiwa hajabeba gunia. Nenda duka la spea za magari, nunua balbu ya breki ya 12V 21W, ile ya uzi mmoja. Kwenye 12V inavuta karibu ampea moja na robo tatu. Hapo ndipo tutamjua huyo adapta. Ukipita kwa wauza kamera za ulinzi chukua na pini jike ya skrubu, unaingiza adapta upande mmoja, waya mbili zinatoka upande wa pili, unafunga balbu hapo na mita hapo hapo. Balbu baridi inavuta kwa nguvu kidogo mwanzoni, kwa hiyo ikipepesa mara moja kisha ikawaka, sawa. Iache dakika kumi, soma mita, shika adapta kwa kiganja.

KameraYaNgamiani · saa 2:45 usiku

Fundi, Mungu akuweke.

Balbu elfu moja, pini jike mia tano. Nimefunga mezani, mtoto mdogo kakaa kutazama kama sinema. Adapta ya elfu nane: balbu ikawaka rangi ya chungwa, ikapepesa, mita ikaanguka kutoka 12.2 hadi 9.6 na inacheza. Ndani ya adapta kuna mlio mwembamba kama mbu. Dakika ya tatu ilikuwa haishikiki. Nikachomoa. Nilipoipima mkononi nikagundua ni nyepesi kama boksi tupu la kiberiti.

Nimerudi nayo dukani kabla hawajafunga, na balbu yangu, na mita yangu. Muuzaji kwanza alinicheka. Nikamfungia pale pale kaunta, akaona mwenyewe taa inavyolia. Akatoa nyingine kutoka rafu ya juu, nzito, elfu kumi na mbili, 12V 2A vile vile. Nikaongeza elfu nne. Hiyo imeshika 11.9, balbu nyeupe imetulia, dakika kumi zimepita ni vuguvugu tu kama chupa ya chai iliyokaa.

Hasara ni moja: balbu niliilaza kwenye mkeka wa plastiki. Mkeka una tundu. Mke wangu ameshaliona.

FundiWaya · saa 2:52 usiku

Balbu ya 21W ni pasi ndogo, nilisahau kukuonya. Samahani kwa shemeji.

Sasa unaweza. Zima swichi ya soketi, ingiza pini kwenye diski, diski ikae mezani pasipo kutikisika, mbali na kitambaa. Kisha washa. Sikiliza kwanza kabla hujachomeka USB. Unataka mlio mmoja unaopanda polepole kisha unatulia.

KameraYaNgamiani · saa 3:01 usiku

Imewaka.

Nimeweka kiganja juu yake nikaisikia ikiamka, vuuuuu, kama ndege wa Zanzibar akianza kukimbia uwanjani, kisha kimya. USB ndani. Folda zote zipo. Harusi ya Muheza ipo, singo ipo. Nimekaa sakafuni wakuu, miguu haina nguvu.

BintChumbageni · saa 3:03 usiku

Alhamdulillah. Sasa inuka, nakili. Usifungue kuangalia picha moja moja.

KameraYaNgamiani · saa 3:06 usiku

Ninakili wapi dada? Laptopu imebaki na GB 40. Harusi ile peke yake ni GB 180. Na hela ya kununua diski nyingine ndiyo hiyo nimemaliza kwenye adapta.

MwalimuMakorora · saa 3:20 usiku

Kijana, kutoka Ngamiani hadi Makorora ni mwendo wa baiskeli. Yangu ina nafasi ya GB 300 na sasa inafanya kazi kwa ajili ya uzi wako. Njoo asubuhi uichukue, uirudishe ukishapata yako. Notisi zangu za kidato cha tatu usiziguse.

KameraYaNgamiani · saa 3:22 usiku

Mwalimu sina la kusema. Nakuja baada ya alfajiri.

DagaaMchele · saa 3:30 usiku

Na mie niulize kabla watu hawajalala. Yangu ina boksi la chuma, nikiligusa miguu peku nahisi kama siafu wananitembea vidoleni. Inataka kuniua?

FundiWaya · saa 3:44 usiku

Kama ni siafu tu, hapana. Adapta nyingi za pini mbili zina kapasita ndogo kati ya upande wa ukutani na upande wa kutoka, inavujisha umeme kiduchu sana, na peku kwenye sakafu ya saruji unausikia. Ukivaa ndala unaisha. Lakini kama inakurusha mkono, adapta hiyo haina utengano na umeme wa ukutani, itupe, na usimpe mtu mwingine bure.

KameraYaNgamiani · Jumatano, saa 4:15 asubuhi

Ninakili sasa. Naomba jibu la haraka: umeme ukikatika katikati itakuwaje?

FundiWaya · saa 4:22 asubuhi

Unasoma kutoka kubwa kwenda ndogo, kwa hiyo kubwa haiandikwi, hatari yake ni ndogo. Ndogo inakula umeme wa laptopu na laptopu ina betri. Ukikatika, faili moja lililokuwa njiani litakuwa nusu, lifute ulirudie. Usirudishe swichi mpaka umeme utulie, kile kishindo cha kurudi ndicho kilichoua adapta ya kwanza. Kama una friji gadi ihamishe kwa leo, inakata volti zikizidi na inasubiri dakika chache kabla ya kurudisha.

Hatari kubwa ni siku unapoandika kwenye ile kubwa. Kama umeifomati kwa exFAT, moja ya mitindo ya kupanga faili kwenye diski, haina daftari la kujikumbusha lilikuwa linafanya nini, umeme ukikatika folda nzima inaweza kupotea. NTFS, mtindo mwingine, inalo, inajitahidi kujirekebisha. Na usichomoe bila kuiaga. Kweli Windows 10 tangu toleo la 1809 imewekwa isilimbikize data kwa diski za kuchomoka, lakini faili likiwa katikati ya kuandikwa, hilo halikusaidii.

Ukipata hela kuna UPS ndogo za ruta, yaani betri za akiba umeme ukikatika, zenye 12V. Hesabu yake: betri ya mAh 8800 kwa volti 3.7 ni wati-saa 32 na ushei, ukitoa umeme unaopotea kwenye kupandisha volti, diski ya wati 8 utapata saa tatu na kitu, kama lebo haidanganyi. Na lebo, umeshazijua. Ipime kwa balbu.

KameraYaNgamiani · Jumamosi, saa 1:50 usiku

Mrejesho wakuu. Video imefika Muheza. Mama mtu kaitazama yote mbele yangu, kanilisha wali wa nazi, kanipa kikapu cha machungwa na hela iliyobaki. Njiani nikapita nikanunua diski ndogo ya 1TB, na ya Mwalimu nimemrudishia na machungwa nusu kikapu. Notisi zipo salama.

Chaja ya laptopu nimeifunga kitambaa chekundu shingoni mwa pini. Adapta mpya nimeiandika DISKI kwa rangi ya kucha ya mke wangu, kwa ruhusa yake.

DagaaMchele · saa 1:58 usiku

Mkuu niazime ile balbu, nami nina adapta tatu hapa siziamini.

KameraYaNgamiani · saa 2:04 usiku

Umechelewa. Kaichukua shemeji, pikapu yake ilikuwa haina taa ya breki.